Kushindwa Vita Isiyo Yako

Saa sita mchana ya tarehe 15 Agosti 1945, Wajapani walikusanyika mbele ya redio kusikia sauti ya mfalme wao kwa mara ya kwanza. Matangazo yalikwaruza, na lugha ilikuwa ya kasri, ngumu, hata wengi wakageukiana kuulizana amesema nini. Alikuwa amesema kwamba vita imekwisha na wao ndio walioshindwa. Miaka 29 nyuma, tarehe hiyohiyo ya 15 Agosti, mwaka 1916, watu wa Bagamoyo waliamshwa alfajiri na mizinga. Manowari za Waingereza zilikuwa zimejipanga mbele ya mji, askari wakashuka ufukweni, na siku haijaisha Bagamoyo ikawa mikononi mwao. Hapakuwa na mfalme wa kuwaeleza wenyeji kilichotokea. Walijionea wenyewe kwamba bwana mmoja, Mjerumani, amekimbilia bara na mwingine, Mwingereza, ameingia bomani.

Huwa naziweka tarehe hizi mbili pamoja kwa sababu zinanisaidia kuuliza jambo ambalo historia yetu imelipita haraka mno. Jeshi la kigeni likiingia katika nchi iliyochoshwa na vita, mtu wa kawaida anaishije? Anakula nini, analipwa kwa fedha ipi, anamshtakia nani? Kuhusu Japani majibu yako tele. Majeshi yaliyoongozwa na Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani yaliingia mwaka 1945, na ukaliaji huo ukadumu hadi tarehe 28 Aprili 1952. Wajapani waliiandika miaka hiyo karibu siku kwa siku: shajara za akina mama, barua kwa wahariri, picha, riwaya, filamu. Kwetu pwani kipindi kama hicho kilianza Agosti 1916, kikaendelea mpaka Shirikisho la Mataifa lilipoithibitishia Uingereza udhamini wa Tanganyika tarehe 20 Julai 1922. Kilichobaki kingi ni taarifa za maofisa. Tunazijua manowari zilizopiga mji. Tunajua kwamba Waingereza waliukamata hapo mzinga mmoja wa Königsberg, ile manowari ya Kijerumani iliyozama Rufiji mwaka 1915. Sufuria za watu hazimo.

Sababu mojawapo ni nyepesi kuieleza. Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililokuwa likitoka Tanga wakati wa Mjerumani, lilikufa kwa vita. Mambo Leo, gazeti la serikali ya Mwingereza, lilianza Januari 1923. Miaka tuliyoihitaji zaidi kuandikwa na watu wa hapa kwa lugha ya hapa ikaangukia katikati, kwenye ukimya.

Basi nimekuwa nikiulizia Makurunge. Nchi ile iliyo baina ya mito ya Ruvu na Wami ni mahali pazuri pa kuuliza habari za sufuria, kwa kuwa mji ulikula kutoka huko. Bagamoyo mjini palikuwa na boma, maduka ya Wahindi, misikiti, na misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanza mwaka 1868. Mpunga, mtama na mhogo vilitoka mabondeni, kwenye mashamba ya Wakwere, Wadoe na Wazaramo, na zamani kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa. Jeshi la Mjerumani lilizibiwa njia ya bahari tangu vita ilipoanza, kwa hiyo likawa linaila nchi: nafaka, ng'ombe, na vijana wa kubeba mizigo. Lilipoondoka lilikwenda na lilichoweza kukichukua. Mwingereza naye akaja na askari na wapagazi wengi kuliko chakula kilichobaki, kisha mvua zikakataa. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalipita, njaa hiyo iliitwa Mtunya, na wanahistoria wanakadiria kuwa iliua watu 30,000 katika watu 150,000. Pwani ilinusurika na kiasi kile cha mauti kwa kuwa ina samaki, ina minazi, ina mto. Lakini iliijua ndiga.

Niliketi uani kwa bibi mmoja wa Makurunge nikamwomba anieleze namna ya kuila. Ndiga ni kiazi cha porini, kina sumu. Hufukuliwa, humenywa, hukatwa vipande vyembamba kama vya mhogo wa kukaanga, na kutiwa ndani ya kapu. Kapu hufungwa kamba kwenye mti ulio ukingoni, likashushwa mtoni pale penye mkondo, si kwenye maji yaliyotuama. Linakaa humo siku tatu au nne. Likitolewa, vipande hukanyagwa na kuoshwa mpaka utelezi wote uishe, ndipo vianikwe na kutwangwa kuwa unga. Kabla ya kuanika mtu mzima huweka kipande kidogo kwenye ncha ya ulimi. Kikiwasha, kapu linarudi mtoni. "Ndiga haitaki haraka, mjukuu wangu," bibi aliniambia. "Ukiiharakisha inakuzika." Yeye alifunzwa na bibi yake, na huyo bibi yake alikuwa akisimulia njaa za mwaka Mwingereza alipoingia.

Nimezifikiria sana zile siku nne. Mtoto analia, kapu limo majini, na mama anajua kwamba akilitoa mapema atawaua wote. Ofisa wa bomani angeweza kuandika kwamba wenyeji wanajitafutia vyakula vya porini, akaweka nukta na kuendelea na habari za reli. Mimi naona hapo palikuwa na elimu, ujasiri na subira kuliko vyote vilivyoandikwa katika taarifa za manowari.

Japani nayo ilikula isivyoliwa. Baada ya vita watu walipika mashina ya viazi vitamu na kusaga njugu za msituni. Mgao wa serikali ulichelewa au haukufika kabisa. Wake wa mijini walipanda treni zilizojaa hadi madirishani kwenda vijijini, wakabadilisha kimono walizoolewa nazo kwa mchele, vazi moja baada ya jingine mpaka kabati likawa tupu. Magendo yalichipuka karibu na vituo vya treni, na Mtanzania aliyepanga foleni ya duka la kaya mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kula unga wa yanga hahitaji kuelezwa yalivyokuwa: ukifuata sheria unalala njaa, ukitaka watoto wale unakuwa mhalifu. Palikuwa na hakimu mmoja wa Tokyo, Yamaguchi Yoshitada, aliyekuwa akihukumu kesi za watu waliokamatwa na chakula cha magendo. Aliona haifai awahukumu wenziwe kisha nyumbani ale kilekile. Akala mgao peke yake. Alikufa kwa utapiamlo Oktoba 1947.

Tarehe 19 Mei 1946 umati mkubwa ulijaa mbele ya kasri la mfalme kudai chakula. Hapo ndipo ninapoiona tofauti kubwa ya masaibu haya mawili. Mjapani mwenye njaa alijua pa kwenda kupiga kelele. Serikali iliyoanzisha vita ilikuwa yake, ilitawala kwa jina la mfalme wake, na wengi waliishangilia mpaka miji yao ilipoungua. Mjapani huyo aliposema tumeshindwa, kitenzi kile kilikuwa na mwenyewe. Na Mmarekani aliyemkalia aliogopa njaa hiyo isizae maasi, akaleta ngano na maziwa ya unga, na watoto wakanyweshwa shuleni. Mtu wa Makurunge angekwenda kumpigia kelele nani? Vita iliamuliwa Ulaya. Wajerumani waliokuwa wakimtawala walikuwa wamemfikia kwa nguvu, na Abushiri bin Salim aliyewapinga walimnyonga Pangani mwezi Desemba 1889. Waingereza waliosema wamemkomboa waliiita nchi yake ardhi ya adui iliyotekwa. Alishindwa vita ambayo hakuianza, hakuitaka, wala hakuelezwa inahusu nini, halafu akaambiwa ailipe.

Malipo ya kwanza yalikuwa fedha. Wakati wa vita, Mjerumani alipokosa sarafu, alichapa noti za dharura hapahapa nchini, kwa karatasi aliyoipata, na kwazo akalipa mishahara, ng'ombe na nafaka. Mwingereza alipoingia hakuzitambua noti hizo. Aliyeuza ng'ombe wake kwa karatasi alibaki na karatasi. Sarafu ya fedha ilikuwa na thamani yake, lakini sarafu ya fedha ilikaa kwa wenye maduka, karatasi ikakaa kwa mkulima. Kisha, kati ya mwaka 1920 na 1922, rupia yenyewe ikafutwa, ikaja florini kwa muda mfupi, halafu shilingi. Mtu mmoja, ndani ya miaka 6, akajifunza kuhesabu upya mara kwa mara, na kila hesabu mpya kuna aliyejua mapema na kuna aliyechelewa kujua. Wajapani nao walionja hilo Februari 1946, serikali ilipobadilisha noti na kufungia akiba za watu benki. Angalau wao walitangaziwa.

Malipo ya pili yalikuwa watu. Bagamoyo ilitulia mwaka 1916, ila vita yenyewe iliendelea kusini mpaka Novemba 1918, na jeshi lisilo na magari ya kutosha katika nchi ya mbung'o liliishi kwa migongo ya wapagazi. Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita nzima ya Afrika Mashariki. Wanahistoria wanakadiria kuwa zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na kichomi. Mtu wa pwani aliyezoea wali na ndizi alipewa unga wa mahindi, akaupika nusunusu kwenye mvua, na tumbo likamwua kabla ya risasi. Kambi yao Dar es Salaam ilikuwa pale Kariakoo tunapokwenda kununua nguo na vyombo. Halafu, vita ikiwa inakwisha, ikaingia homa ya mafua ya mwaka 1918, ikitokea bandarini na kufuata njia za wale waliokuwa wakirudi makwao. Katika eneo lililokuwa la Mjerumani iliua watu baina ya 50,000 na 80,000 kwa makadirio. Miili iliyokuwa imekula ndiga haikuwa na akiba ya kupigana nayo.

Lakini si haki kuisimulia miaka hiyo kana kwamba watu walikaa tu kupigwa. Majeshi ya kigeni yanapopindua meza, wapo walio chini ambao hupata nafasi ya kuinuka, na hapo ndipo kisa cha Bagamoyo kinapokaribia zaidi kile cha Japani. Mwezi Aprili 1946 wanawake wa Kijapani walipiga kura kwa mara ya kwanza, na 39 kati yao wakaingia bungeni. Bagamoyo ilikuwa na Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye mji mzima ulimwita Sheikh Ramiya. Alizaliwa Manyema, akatekwa utotoni, akafikishwa pwani, akanunuliwa na Amir bin Suleiman al-Lamki, aliyekuwa liwali wa mji. Ramiya aliuza samaki, akanunua minazi, akasoma, akafungua chuo, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya na wanafunzi wake wakaenea bara. Waingereza walipoingia, wakitafuta mtu ambaye watu watamsikiliza, walimfanya yeye liwali. Mtumwa akaketi kwenye kiti cha bwana wake.

Naomba msomaji alitazame jambo hili vizuri. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Walichofanya ni kutangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wazaliwe huru. Sheria ya kuufuta kabisa ilipitishwa na Waingereza mwaka 1922, miaka 25 baada ya Zanzibar. Kwa hiyo kwa miaka ile yote ya mwanzo Bagamoyo ilikuwa na liwali aliyewahi kuwa mtumwa, katika nchi ambayo utumwa ulikuwa bado haujafutwa kisheria. Kesi za urithi, za ndoa, za mashamba, zilifika mbele yake. Hakuna katiba iliyoandikwa na jenerali iliyomweka hapo. Alijipandisha kwa elimu na uchaji Mungu mpaka watawala wapya wakakosa namna ya kumpita. Alifariki mwaka 1931, na heshima yake ingali hai katika mji ule. Ninapowasikia watu wakisema mageuzi ya kijamii huletwa na mkaliaji mwenye nia njema, humkumbuka yeye. Mkaliaji alifungua mlango kwa maslahi yake; aliyeufikia mlango alikuwa ametembea miaka 40 kwa miguu yake.

Mahali ambapo sioni pa kulinganisha ni kwenye ardhi. Japani ya kabla ya vita, karibu nusu ya mashamba yalilimwa na wapangaji waliotoa sehemu kubwa ya mavuno kwa wenye nyumba kubwa za kijiji. Chini ya MacArthur, kwa sheria ya mwaka 1946, serikali iliyanunua mashamba hayo na kuwauzia waliokuwa wakiyalima. Mwaka 1950 ulipofika, sehemu iliyobaki kwa wapangaji ilikuwa kama moja ya kumi. Ni mojawapo ya ugawaji mkubwa wa ardhi wa karne ile, na ulifanywa na jeshi. Hapa, mashamba ya Wajerumani yalitaifishwa kama mali ya adui na kupigwa mnada, akanunua mwenye fedha. Kisha sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ikatangaza kwamba ardhi yote ya Tanganyika, yenye watu na isiyo na watu, ni ya umma na iko chini ya Gavana. Mkwere aliyelima bonde la Ruvu kabla ya Mjerumani kuzaliwa alilala mkulima, akaamka mwenye ruhusa ya kukaa. Wajapani wa Okinawa ndio wangemwelewa: visiwa vyao vilibaki chini ya jeshi la Marekani mpaka tarehe 15 Mei 1972, na mashamba yao yakawa viwanja vya ndege.

Mkondo wa sheria ile ya 1923 bado unatiririka. Nchi hii ya Makurunge iliwahi kuwa ranchi ya mifugo ya Serikali ya Zanzibar, ile iliyoitwa Razaba, na sasa sehemu yake ni mashamba ya miwa. Sisemi miwa ni mibaya; sukari tunaihitaji na ajira tunazihitaji. Nasema kwamba kila mara swali la nani mwenye ardhi linapofika kwa wanakijiji, linafika likiwa limeshapita kwanza mezani kwa mtu wa mbali. Mazoea hayo yana umri wa zaidi ya karne moja, na yalishonwa katika miaka ile ambayo hatukuiandika.

Ukaliaji wa Japani ulikwisha kwa mkataba uliowarudishia nchi yao. Wetu ulikwisha kwa kubadilishwa jina. Mwaka 1920 sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ikawa Tanganyika, msimamizi Horace Byatt akawa Gavana Byatt, na mwaka 1922 karatasi ya udhamini ikathibitishwa London. Hata vita iliyofuata haikutuacha. Mwaka 1944 vijana wa Tanganyika, wakiwa askari wa King's African Rifles katika Divisheni ya 11, walikuwa Burma wakipigana na Wajapani, watu ambao hawakuwahi kuwakosea lolote. Baba za baadhi yao walikuwa wamebeba mizigo mwaka 1917.

Mwezi Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba si chini ya watu 116,000 waliokufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulichangia. Iliomba radhi. Makaburi ya Wajerumani pale Bagamoyo, karibu na bahari, yana majina na yanatunzwa. Wapagazi wetu wamelala walikoangukia.

Kwa hiyo nawaomba jamaa wa Makurunge, wa Bagamoyo na wa pwani yote: kama katika ukoo wenu linatajwa jina la mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi, au la mama aliyelisha watoto ndiga mwaka ule, liandikeni pamoja na kijiji chake na mnachokijua juu yake, mkampe nakala mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu, na nyingine mkaipeleke Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Waliosimuliwa habari hizo na wazazi wao ni wazee sasa, na kila mwaka wanapungua.